Mieleka: Kwanza Jifunze Kuanguka



Wiki hii sina siasa wala bei ya nazi. Nataka tuzungumze juu ya mieleka. Najua wapo watakaoguna na kusema, mtu mzima na mvi zake anatuletea habari za wanaume wanaorukiana wamevaa chupi za rangi? Nawaomba wanivumilie kwa dakika hizi chache. Ndani ya mchezo huu wa kuchekesha mna jambo ambalo limenikaa moyoni tangu ujana wangu, na leo nimeamua kulitoa.

Chanzo ni kijana mmoja niliyemkuta njia panda ya kwenda Moa akisubiri gari. Simu mkononi, macho hayabanduki. Akaniamkia, nikamwitikia, nami nikachungulia. Kumbe anatazama mieleka. Akaniuliza, "Mzee, wewe ni mtu wa redio, unajua mambo. Hebu niambie, mieleka hii ni ya kweli au ni uongo?" Gari likafika kabla sijafungua kinywa. Mazungumzo ya leo ni jibu lake.

Kwa wasioifahamu, Moa ni kijiji cha pwani kaskazini ya mji wa Tanga, katika wilaya ya Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya. Mbele yake ni bahari na mikoko, nyuma yake ni minazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, tena ya rangi; sisi wa Bara tulingoja hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mieleka ilitufikia kwa mikanda ya video. Mfanyabiashara mmoja alileta jenereta, televisheni na deki, akazungushia makuti, akaweka mabenchi ya mnazi na kutoza kiingilio. Ukikosa pesa, makuti hayakosi tundu.

Humo ndimo nilimoona pambano ambalo mpaka leo naliweka mbele ya mengine yote. Lilipiganwa Machi 29, 1987, katika uwanja wa Pontiac, karibu na Detroit, Marekani. Upande mmoja alikuwa Hulk Hogan, bingwa mwenye mkanda. Upande wa pili alikuwa Andre, Mfaransa aliyeitwa Jitu, mtu aliyetangazwa kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 230. Wenye mchezo walisema watazamaji walikuwa 93,173. Wapo walioipunguza hesabu hiyo hadi kama 78,000. Kwa vyovyote, watu walijaa.

Mwanzoni kabisa Hogan alijaribu kumbeba yule Jitu. Hakuweza. Mgongo ulimpinda, Jitu likamwangukia, refa akahesabu, kidogo tu bingwa angepoteza mkanda dakika ya kwanza. Banda letu lilinyamaza kama msibani. Mwisho wa pambano Hogan akarudia. Safari hii akamnyanyua juu, akamgeuza, akambwaga. Ndugu wasikilizaji, makuti yalitikisika.

Lakini pembeni yangu alikaa mjomba wangu, mvuvi wa pweza, mzee aliyecheza mieleka ya mchangani katika ujana wake. Yeye hakupiga kelele. Alisema polepole, "Yule mkubwa kakubali." Nikamuuliza, kakubali nini? Akanijibu, "Mtu wa uzito ule asipotaka kunyanyuka hanyanyuki. Kampa mwenziwe mgongo wake."

Nilikasirika. Niliona mzee ananiharibia starehe yangu. Miaka ilipita ndipo nikasoma kwamba Andre siku ile alikuwa mgonjwa. Maradhi yaliyomfanya awe mkubwa kupita kiasi yalikuwa yakimla mifupa, na mgongo wake ulikuwa umekwisha kufanyiwa upasuaji. Alifariki Januari 1993, akiwa na miaka 46. Alikuwa amekubali kweli, na kwa maumivu makubwa, ili umaarufu uliokuwa wake umfuate mwingine. Hogan naye alifariki Julai 2025. Mjomba wangu hakuwahi kusoma habari hizo popote. Aliziona kwa macho ya mtu aliyewahi kubeba mtu.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa njia panda. Kama anataka jibu la kiserikali, lipo. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani ilikwenda mbele ya wabunge wa jimbo la New Jersey na kueleza kwamba mieleka yake ni burudani, na kwamba mshindi hujulikana kabla. Hawakusukumwa na mapenzi ya ukweli. Walitaka kuondokana na ada na masharti yanayowahusu mabondia. Siri iliyolindwa kwa miaka mingi, hata wapiganaji maadui wakikatazwa kuonekana pamoja barabarani, ilifichuliwa na wenyewe kwa ajili ya gharama.

Je, tudharau? Mimi nasema sisi watu wa pwani ni wa mwisho wenye haki ya kudharau. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita miji yetu, kutoka Lamu na Mombasa hadi Tanga na Dar es Salaam, ilikuwa na ngoma za beni. Vyama vilivyovuma zaidi viliitwa Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali na makapteni wake, na mavazi yaliyoigwa kutoka manowari na kambi za Wazungu. Waliandamana kwa tarumbeta, wakarushiana maneno kwa nyimbo, wakashindana kwa karamu mpaka watu wakafilisika. Hapakuwa na jenerali wa kweli hata mmoja katika ngoma ile. Lakini aliyekuwa Marini alikuwa Marini, na mji mzima uligawanyika. Na katika miaka ya 1960 na 1970, si Tanga hii hii iliyogawanyika kati ya Black Star na Lucky Star, kwa taarab tu? Watu waliosuka uhasama mtamu kiasi hicho hawawezi kujifanya hawaelewi mieleka.

Hata Muhammad Ali alichota kisima hicho. Mwaka 1961, akiwa kijana wa miaka 19, alikutana mjini Las Vegas na mcheza mieleka aliyejiita Gorgeous George, bingwa wa majigambo, ambaye watu walijaza ukumbi kwa hamu ya kumwona akipigwa. Ali mwenyewe alisimulia kwamba ndipo alipojifunza faida ya kujisifu.

Lakini kisima hicho hicho kina maji machungu, nasi wa Afrika Mashariki tumeyanywa. Kuna mcheza mieleka aliyeitwa Kamala, Jitu la Uganda. Alitokea ulingoni peku, uso umepakwa rangi, nyota na mwezi tumboni, mkuki mkononi, hajui kusema wala kula kwa adabu. Watazamaji waliambiwa ametolewa msituni Uganda, na kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Jina lake la kweli ni James Harris, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1950, Mmarekani mweusi aliyetokana na watu masikini wa mashambani. Uganda ile ilitungwa Memphis mwaka 1982. Nasi bandani kwetu Moa, Waafrika watupu, tulicheka tukamshangilia, na wengine walisadiki kwamba ndivyo walivyo jirani zetu. Harris aliishi kulalamika kwamba malipo yake yalikuwa madogo mno kuliko ya wapinzani wake. Kisukari kilimfanya akatwe miguu yote miwili, mwaka 2011 na 2012, naye akafariki Agosti 2020.

Tena jina la Amin halikutajwa bure. Yule bwana alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda katika miaka ya 1950, na ulingo haukumtoka kichwani. Mwaka 1978, majeshi yake yakiwa yamevamia Kagera na watu wetu wakiuawa, alitangaza kwamba anataka yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi kwa ngumi, refa awe Muhammad Ali. Akaongeza kwamba yuko tayari afungwe mkono mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 1979 ikatangazwa kwamba atapigana na Antonio Inoki, Mjapani yule aliyekwenda sare na Ali mjini Tokyo Juni 26, 1976, kwa kulala chali raundi kumi na tano na kumpiga mateke ya miguu. Pambano la Amin lilipangwa liwe Juni 1979. Halikuwa. Aprili 11 mwaka huo majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala. Refa aliyetakwa alifika Dar es Salaam Februari 1980 kama mjumbe wa Rais Carter wa Marekani, kutuomba tususie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu hakumpokea.

Nalitaja jambo hilo kwa sababu moja. Mieleka ina adabu yake: pande mbili zimekubaliana, na kila mmoja ameahidi kumlinda mwenziwe. Watu wa Kagera hawakukubaliana na mtu. Anayechukua maneno ya ulingoni akayapeleka mahali penye maiti hachezi, anadhihaki.

Sasa nifike kwenye wachezaji wapya. Pambano langu la pili kwa mapenzi ni la ndugu wawili, Bret Hart na mdogo wake Owen, lililopiganwa New York Machi 20, 1994. Hakuna jitu pale, hakuna mkuki wala rangi usoni. Kila mmoja anajua mwenziwe atakwenda wapi kabla hajakwenda. Mdogo alishinda, na usiku ule ule kaka akapanda tena akautwaa mkanda wa dunia, mdogo akisimama pembeni kumtazama kwa wivu. Ukiwatazama unajua wamelelewa pamoja.

Na ni kweli. Baba yao, Stu Hart, alikuwa na nyumba Calgary, Kanada, na chini ya nyumba kulikuwa na chumba kidogo chenye magodoro. Humo alifundisha wanawe na vijana wa watu. Kijana akija na ndoto za kuruka, hapewi kuruka. Hapo Calgary alibanwa na kuminywa viungo na mzee mwenyewe mpaka aelewe mwili unaumia wapi. Na katika kila shule ya mieleka somo la mwanzo ni moja: kuanguka. Kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini. Mgongo upokee kwa upana wake wote. Mikono ipige chini pamoja na mgongo ili kishindo kigawanyike. Pumzi itoke, isizuiwe. Jambo hilo hurudiwa mara mia, mara elfu, kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kumbeba mtu.

Nilipolijua hilo nilikumbuka lugha yetu. Mwereka kwa Kiswahili ni nini? Ni anguko. Mtu akiteleza kwenye utelezi tunasema kapiga mwereka. Wazee wetu waliutazama mchezo mzima, na nguvu zake na hila zake, wakaupa jina la kuanguka. Mjomba alinisimulia jinsi walivyocheza maji yakipwa, kwenye mchanga mbichi. Ngwala ilikuwa ruhusa, mtama ruhusa, roba marufuku. Mgeni wa mchezo aliangushwa tu, siku nyingi, kabla ya kupewa ruhusa ya kuangusha. Nilidhani ni uonevu wa wakubwa. Kumbe ilikuwa shule.

Haya, ndugu wasikilizaji, sasa nitoe lililonikaa moyoni. Baada ya kuona mikanda ile, sisi vijana tulianzisha mieleka yetu ufukweni. Hatukumwuliza mzee yeyote. Tulikuwa na video, wazee wa nini? Mimi sikuwa na mwili wa kupigana, nikajifanya mtangazaji. Nilishika kifuu cha nazi mdomoni kama kipaza sauti. Mtoto wa shangazi yangu ndiye aliyekuwa bingwa wetu. Jioni moja alipanda kwenye ubavu wa mashua iliyopandishwa kukarabatiwa, mpinzani wake amelala chini, na watoto wa kijiji wamezunguka. Alisita. Namkumbuka alitazama chini akasita. Mimi nikapaza sauti, nikawaambia watazamaji kwamba bingwa anaogopa.

Akaruka. Mpinzani alifanya kama kwenye video, akajiviringisha pembeni. Ndugu yangu aliangukia bega, kwenye mchanga mkavu mgumu kama sakafu. Mtulinga ulivunjika, tuliusikia. Mganga wa mifupa alimfunga akapona, lakini bega halikurudi kama lilivyokuwa. Katika nyumba ya wavuvi, mtu asiyeweza kuvuta juya ana maisha ya namna nyingine. Alikwenda kwenye biashara ndogo ndogo, na hajawahi kunilaumu hata siku moja. Sauti hii mnayoisikia redioni ndiyo iliyomwambia aruke.

Na wakubwa wa mchezo nao hawakujifunza. Mei 23, 1999, mjini Kansas City, yule Owen Hart aliyefunzwa kuanguka na baba yake tangu mtoto aliteremshwa kwa kamba kutoka darini ili aingie ulingoni kwa mbwembwe. Kifungo kikaachia. Alianguka kiasi cha mita 24, akafa, akiwa na miaka 34. Onyesho liliendelea usiku ule. Familia ililipwa fidia ya dola milioni 18. Hakuna somo la kuanguka linalotosha kimo kile. Hapo ilitakiwa mtu wa kusema hapana, na hakuwapo.

Kwa nini nasema haya leo? Kwa sababu mieleka imeingia kwetu upya. Kinshasa wana ya kwao tangu zamani, yenye matarumbeta barabarani na vitisho vya uganga ulingoni. Na mwaka 2023, wilaya ya Mukono karibu na Kampala, Mganda mmoja, Daniel Bumba, anayeitwa Bumbash, alianzisha mieleka ya vijana bila kuwa na ulingo wa kisasa. Alisimika mianzi, akazungusha kamba, na chini akaweka tope. Wavulana na wasichana hubwagana humo wakatoka hawatambulikani kwa udongo, na picha zao zimetazamwa dunia nzima. Hapo ndipo lilipo pambano langu la tatu kwa mapenzi, wala silijui jina: wasichana wawili, mvua inanyesha, mmoja anamnyanyua mwenziwe na kabla hajambwaga anamshika vizuri kisogo. Nilirudia kuitazama sehemu ile mara tatu. Mjomba angeipenda.

Ni Uganda, ndugu zangu, ile ile iliyotungiwa Kamala. Sasa wanajitunga wenyewe.

Vijana wa Mkinga na Tanga watataka nao, na sina sababu ya kuwazuia. Mkoa huu unazalisha wapiganaji. Septemba 8, 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga yetu alikwenda Birmingham akiwa mpinzani wa kuitwa dakika za mwisho, akammaliza Sam Eggington katika raundi ya pili. Ndondi si mieleka, najua. Lakini watu walisema kaibuka tu, na bondia haibuki. Alikuwa anajifunza wakati sisi hatutazami.

Basi anayetaka kuwakusanya vijana ufukweni awe na mambo manne. Awe na mwalimu anayejua kuanguka, na chini laini, hata kama ni tope. Awe na mtu wa huduma ya kwanza aliye karibu na anayejua njia ya hospitali. Malipo yaandikwe kwenye karatasi kabla ya ngoma kupigwa. Na kila kijana ajipe jina lake mwenyewe, asipewe mkuki wa kuchekesha wageni. La tano ni kwa watangazaji wenzangu: mtu akisita juu ya mashua, mwacheni ateremke.

Kwa hiyo kijana wangu wa njia panda, jibu ni hili. Mshindi hupangwa. Uadui hutungwa. Anguko halitungwi, ardhi haikupewa habari ya mapatano yenu.

Nilipofika Moa siku ile nilimtembelea ndugu yangu yule. Tuliketi barazani nikamwonyesha vijana wa Mukono kwenye simu. Alitazama mpaka mwisho, amelikumbatia bega lake kama afanyavyo siku za baridi, kisha akacheka. "Hawa wana akili," akasema. "Wameanza na tope."

Ndugu wasikilizaji, tukutane tena wiki ijayo, inshallah. Kwaherini.